Orlin Brekke na Mnara wa Kilimani

Orlin Brekke alikuwa mtu wa mwisho. Sisemi kwa ubaya. Huku kwetu, mashambani kaskazini mwa Nordby, kila kitu kipya kilikuwa na mtu wake wa kwanza na mtu wake wa mwisho. Wa kwanza siku zote alikuwa Lyle Gunderson. Lyle akiona tangazo kwenye gazeti la wakulima, kabla hajageuza ukurasa ameshaagiza. Ndiye aliyeleta dishi la kwanza la televisheni, pana kama paa la banda la kuku, na upepo wa Machi ukalinyanyua ukalitupa kwenye dimbwi la Verdell Moe. Liko huko mpaka leo, bata wanalala ndani yake. Lyle tulimpenda, lakini hakuna aliyenunua kitu kwa sababu Lyle amekinunua.

Tuliyemwangalia ni Orlin. Tulikuwa tunapita mbele ya nyumba yake na pikapu zetu, tunapunguza mwendo, tunatupa jicho. Siku ukiona dishi kwenye ukuta wa Orlin, dogo, limekazwa vizuri, basi ujue kitu kile kimekwisha kuvunjika kwa watu wengine kwa kila namna kinavyoweza kuvunjika na sasa kimetulia. Hapo hata mchungaji alinunua. Wauza vitu wa mjini walikuja na makaratasi yao ya rangi, wakaweka matangazo redioni asubuhi kabla ya bei za mahindi, na sisi tulisikiliza kwa adabu tukangoja Orlin aamue. Yeye mwenyewe nadhani hakujua. Alikuwa mtu mrefu, masikio makubwa, kofia ya kampuni ya mbegu iliyofifia mpaka jina halisomeki. Akisema kitu si kibaya sana, ujue amekipenda kweli.

Mimi nilikuwa dereva wa lori la kukusanya maziwa. Niliingia uani kwake miaka yote aliyokuwa na ng'ombe. Aliuza ng'ombe, nami nikastaafu, lakini miguu ilikuwa imeshazoea, kwa hiyo bado ninazunguka na pikapu, nyumba hii na ile, nakunywa kahawa za watu. Mke wake Ardis alikuwa akiniona tu dirishani anaweka birika jikoni.

"Kahawa?" anauliza.

"Hapana, nimetoka kunywa kwa Verdell."

"Kidogo tu."

"Ah, usijisumbue, mama."

"Imeshaiva, bwana, nitaimwaga."

"Haya basi, nusu kikombe, kama ipo tayari."

Ananijazia mpaka ukingoni. Ndivyo tulivyolelewa. Ukikubali mara ya kwanza, watu wanajiuliza kama kwenu hakuna chakula. Mara ya kwanza na ya pili ni heshima, ya tatu ndiyo jibu. Hata watoto wadogo wanajua, na anayekaribisha anajua, na hakuna anayehesabu kwa sauti.

Ardis alipiga kinanda kanisani tangu akiwa msichana. Kinanda kile kilikuwa na pedali moja inayolia kama mlango, na yeye alijua kuikwepa. Majira ya baridi ya mwaka ninaousema akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa mzito, maneno yakawa yanakuja polepole, lakini utani wake haukupotea. Akiangusha kijiko anakiambia, "Na wewe umechoka?" Alitembea kwa fimbo kutoka meza mpaka jiko na kutoka jiko mpaka dirisha.

Binti yao Renae anakaa Minneapolis, anafanya kazi ofisi ya bima. Alipiga simu kila Jumapili. Masika yale aliwaambia jambo moja, na Orlin alinieleza tukiwa tumeegemea trekta.

"Anasema mimi nikiwa nyuma ya kilima, mama yake akianguka, nani atajua."

"Ana haki," nikasema.

"Ana haki. Anasema kama nina simu ya mfukoni inayoshika, sawa, Ardis abaki. Kama hakuna, kabla ya mavuno aende Nordby kwenye nyumba ya wazee."

"Na simu haishiki."

"Haishiki."

Haikushika kwa mtu yeyote kule. Lyle alikuwa na simu ya mfukoni tangu zamani, akaitumia kama saa. Ukitaka mtandao ilibidi uendeshe mpaka barabara kuu, usimame kando ya daraja, uinue mkono kama unatafuta upepo. Ile simu ya waya ya jikoni ilifanya kazi vizuri, lakini Ardis angempigia nani, mwenye nyumba yuko kwenye soya?

Wakaamua kutumia taa ya uani. Ile ya juu ya nguzo. Ardis akiwa na shida angewasha swichi iliyo karibu na mlango, na Orlin angeiona. Lakini mchana wa jua kali taa ni kitu gani? Na nusu ya shamba lao iko nyuma ya kilima. Ni kilima kidogo, mtu wa milimani angecheka, lakini kinatosha kuficha nyumba.

Mwezi wa nane wakaja watu wa matangazo. Walitumwa na kampuni kubwa ya simu, wakatoka Chicago na magari mawili, wakaketi kwenye mgahawa wa ghala la nafaka wakitafuta uso. Ndivyo walivyosema, wanatafuta uso. Lyle akawapa wa kwake kwanza, akavua kofia, akageuka upande huu na ule. Wakamshukuru. Kisha Orlin akaingia kulipia dizeli, na kijana wao mkubwa, anaitwa Devin, akasimama na kikombe mkononi.

"Mzee, unalima?"

"Kidogo," akasema Orlin. Analima ardhi usiyoweza kuona mwisho wake.

Siku ya pili walikuwa uani kwake. Nami nilikuwapo, nimepita tu. Ardis alikuwa amewapangia keki za vipande kwenye sahani kwa mkono wa kushoto, kazi ya asubuhi nzima. Akamuuliza Devin kama atakunywa kahawa, na Devin akasema ndiyo, tena na sukari, na akala vipande vitatu akasifu. Hakuwa mtoto mbaya. Alimsaidia Ardis kukaa. Alikuwa anasema asante kila dakika.

Wakamweka Orlin katikati ya soya, zikiwa zimefika kiunoni, wakampa simu ashike sikioni. Orlin akaipima mkononi.

"Ni nyepesi," akasema.

"Haina kitu ndani," akasema Devin. "Ni ganda tu la kupigia picha. Cheka sasa, mzee."

Orlin hakuweza kucheka kwa amri. Wakamwambia azungumze, akasema hajui azungumze na nani. Yule wa kamera akaanza kutoka jasho.

"Basi fikiria kitu kinachokufurahisha," akasema Devin. "Chochote."

Orlin akafikiri. Mimi sikuona tofauti, lakini yule wa kamera akasema hapo hapo, usitikisike, akapiga nyingi. Baadaye nilimuuliza alifikiria nini. Akaniambia, "Ardis, kwenye kinanda. Anavyoiruka ile pedali."

Kisha wakataka aendeshe pikapu barabarani akipunga mkono. Orlin akapita akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kile cha shahada, kama sote tunavyofanya tukipishana. Devin akapiga kelele, "Punga, mzee! Punga!" Akarudi tena, akapita, akainua kidole. Wakaachana na hilo.

Wakati wanafunga vyombo vyao Devin alisimama naye juu ya kilima, akatazama mbali.

"Kweli hapa hamna mtandao kabisa?"

"Kabisa."

Devin akacheka. "Na bango letu litaandikwa HATA HAPA."

"Ndiyo," akasema Orlin.

"Unajua, kampuni inatafuta mahali pa kuweka mnara upande huu. Kilima hiki kimekaa vizuri. Niwaambie waje wakuone? Ungependa?"

Nilikuwa hatua chache nyuma yao, nimeshika fimbo ya Ardis aliyoisahau kwenye gari. Nilimwona Orlin akivuta pumzi. Ile ndiyo ilikuwa mvua aliyokuwa anaingoja. Ile ndiyo ilikuwa Ardis abaki nyumbani. Akatazama viatu vyake akasema, "Ah, msijisumbue kwa ajili yetu."

"Sawa, hakuna shida!" akasema Devin kwa furaha, akampiga begani.

Orlin akabaki amesimama. Alingoja. Walishuka kilimani pamoja na Orlin akawa anatembea taratibu, akimpa kijana nafasi. Pale uani akamfungulia mlango wa gari. Akasema, "Pale juu kuna upepo mzuri." Devin akasema kweli, mahali pazuri sana. Akasema tena, "Barabara ya kupanda iko, hata lori zito linapita." Devin akasema maisha ya huku yana amani. Akamshika mkono, akampungia Ardis dirishani, na magari mawili yakaondoka na vumbi lao.

Ardis alikuwa amesikia nusu kupitia dirisha.

"Alikuuliza nini kule juu?"

"Kama tungependa mnara."

"Ukasema?"

"Nikasema wasijisumbue."

"Akasema?"

"Akasema sawa."

Ardis alingoja kidogo, maneno yalikuwa hayamjii haraka. "Sawa tu?"

"Sawa tu."

Akatazama ile sahani ya keki, tupu. "Basi hakuna aliyemlea," akasema, akaanza kukusanya makombo kwa kiganja.

Bango lilitokea Minneapolis kwanza. Renae alipiga simu siku isiyo ya Jumapili, wakadhani kuna msiba.

"Baba! Uko juu ya jengo la ghorofa kumi! Nimetoka kwenye basi nikakukuta!"

"Nimekaaje?"

"Umekaa kama uko kanisani."

Aliwaeleza kwamba kazini wote wanaizungumzia simu ile. Wanatoka na wapenzi wao mwisho wa juma kwenda kuogelea kwenye maziwa ya huku, hawataki mtandao ukatike. Nilifikiria hilo nikiendesha kurudi nyumbani. Kule mjini mtu anainua macho, anaona mzee kwenye majani, anajiambia kama inashika kwa huyo itashika kwangu. Hamjui huyo mzee. Kwake yeye hapa ni mahali ambapo si popote. Ananunua, anageuka, anaona bango lingine.

Lakini kampuni ikaweka bango na huku kwetu, kando ya barabara kuu, karibu na njia ya kuingilia Nordby. Naamini waliliweka kwa ajili ya wapita njia. Orlin urefu wa nyumba, kofia yake, masikio yake, simu sikioni, na maneno mawili juu ya kichwa. Watu walisimamisha magari. Huku hakuna aliyeangalia maandishi. Tuliona kitu kimoja tu, Orlin Brekke ana simu ya mfukoni.

Ndani ya majuma machache watu walikwenda kwenye duka la mji wa wilaya na kurudi nazo. Verdell Moe alinunua. Mchungaji alinunua. Dada wawili Skogen, ambao hawakuwa wamenunua kitu tangu vita, walinunua moja ya kushirikiana. Hawakumwambia Orlin. Utamwambiaje mtu kwamba umemwiga? Wakaenda nazo nyumbani, wakawasha, wakatembea nazo uani, wakapanda juu ya matrekta.

Nilikuwapo mgahawani siku ukweli ulipotoka. Orlin alikuja na kofia yake ileile, akakaa mahali pake.

"Ee, nyota wa sinema," akasema Lyle. "Jamani mpisheni, asije akachafuka."

"Tupe saini, mzee," akasema mwingine. "Nitaibandika zizini, ng'ombe watoe maziwa."

Walicheka. Orlin akatabasamu kwenye kikombe. Verdell akawa anazungusha simu yake mpya juu ya meza kama mtu anayecheza na sarafu. Akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya wadudu wa soya. Kisha akasema, bila kumtazama, "Ya kwako inashika vizuri, Orlin?"

"Ile haikuwa yangu."

"Aa."

"Ilikuwa ganda. Haikuwa na kitu ndani."

Mama wa mgahawa alisimama na birika. Lyle peke yake ndiye aliyefungua mdomo, akaufunga tena, na hilo sikuwahi kuliona.

"Basi," akasema Verdell mwishowe. "Ni jambo la aina yake."

Kwetu hakuna neno kali kuliko hilo. Chakula kikiwa kimeharibika tunasema ni cha aina yake. Mtu akimwacha mke wake wanasema ni jambo la aina yake. Orlin alilijua. Alimaliza kahawa, akaaga mmoja mmoja, akatoka. Watu hawakumkasirikia. Walirudisha simu dukani, wale waliokubaliwa, na wengine wakaziweka kwenye droo. Ila walipopita mbele ya nyumba yake hawakupunguza mwendo tena.

Na yeye kila akienda mjini alikuwa anapita chini ya bango. Nilikuwa naye siku moja. Tulipolikaribia, akainua kidole kutoka kwenye usukani, akakishusha. Sikuuliza.

Alijaribu lakini. Hilo lazima nilisema. Alipiga simu kwenye kampuni, kwa simu ya waya, Ardis amekaa karibu. Kwanza mashine ikamwambia abonyeze moja, abonyeze nne, asubiri. Akasubiri amesimama wima kama anazungumza na askofu. Akaja msichana.

"Nikusaidie nini leo?"

"Habari. Nilikuwa nafikiri tu, kama hamna kazi nyingi. Kuna kijana alitaja mnara."

"Kuna tatizo na simu yako, mzee?"

"Hapana, siwezi kusema tatizo."

"Una malalamiko?"

"Malalamiko, hapana."

"Basi kuna kingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, asante. Pole kwa kukusumbua."

Akaweka simu. Ardis akamwambia, "Umemwambia kila kitu isipokuwa unachotaka." Akasema hakuona nafasi. Mnara ulijengwa mwezi wa tisa, kando ya barabara kuu, kwenye makutano, wanapopita watu wa mjini wakienda kwenye maziwa yao. Usiku—hapana, hata mchana taa yake nyekundu inaonekana. Mtandao wake unafika mpaka kwenye mto na hauvuki kilima.

Soya zikakauka, mavuno yakaanza, na Ardis bado yuko nyumbani. Orlin alikuwa akipeleka kombaini, mashine yake ya kuvunia, nyuma ya kilima asubuhi, na baada ya kila mizunguko miwili anaipandisha juu ili aone nyumba, kisha anashuka tena. Alipoteza dizeli na wakati, na hakumwambia mtu. Sisi tuliona tu alama za magurudumu zikipanda na kushuka kilimani.

Siku moja ya jua Ardis alikuwa anashusha kikombe kabatini. Aliangukia ubavu. Hakuvunjika kitu. Akajivuta mpaka mlangoni, akanyoosha fimbo juu, akagusa swichi, taa ya uani ikawaka kwenye jua. Orlin alipanda kilimani mara ngapi sijui, akatazama, akaona nyumba, nguzo, mti, hakuona taa. Aliiona jioni, jua liliposhuka. Anasema ilikuwa kama imewashwa wakati huohuo, akakimbia akidhani amewahi.

"Nilikuwa nimekaa tu," Ardis alimwambia, hapo sakafuni. "Sakafu inahitaji kung'arishwa."

Renae akaja Jumamosi. Mimi nilikuwa nimeleta viazi, nikataka kuondoka, wakaniambia nikae, nikasema hapana, mpaka nikakaa. Tulikuwa wanne mezani. Renae amekaa mjini miaka mingi, anavaa kama wao, anakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi, lakini alizaliwa kwenye nyumba ile. Alichukua mkono wa mama yake, ule uliolala.

"Mama, ungependa kwenda Nordby? Chumba kipo, upande wa bustani."

"Hapana, mwanangu. Mimi niko sawa hapa."

Orlin alikuwa anatazama kikombe chake.

"Kuna watu mchana na usiku," akasema Renae. "Na kinanda kipo sebuleni. Ungependa, Mama?"

"Sitaki kuwasumbua watu."

Nje trela ya nafaka ilikuwa imeachwa wazi, upepo unagonga mnyororo wake. Nilimtazama Orlin. Alikuwa na nafasi hapo, kati ya ya pili na ya tatu, nafasi pana. Angeweza kusema baki. Angeweza hata kusema kahawa imepoa. Midomo yake ilisogea kidogo kama mtu anayesoma moyoni.

"Mama," akasema Renae. "Ungependa?"

Ardis akamtazama mumewe, kisha dirisha, kisha binti yake.

"Haya basi," akasema. "Kama chumba kipo."

Renae akalia. Orlin akasimama akachukua birika, akatujazia wote mpaka ukingoni, hata vikombe ambavyo vilikuwa havijaisha, bila kuuliza.

Nimeligeuza hilo mara nyingi barabarani. Kwa hesabu yetu, ya tatu ndiyo jibu. Lakini kuna wakati mtu anakubali ya tatu kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Sikumwuliza Ardis. Nilipokwenda kumwona Nordby aliniambia kinanda cha sebuleni kina pedali zote nzima, hakina ladha.

Baada ya Krismasi akapata kiharusi cha pili. Sasa anainuliwa na watu wawili, na haongei, isipokuwa mara mojamoja anasema jina la Renae au neno kahawa. Orlin anakwenda kila siku baada ya chakula cha mchana, anakaa naye, wanatazama bustani. Dirisha la chumba linaonyesha na kipande cha barabara kuu. Siku za mwanzo bango lilionekana pale, mgongo wake tu, mbao na nguzo. Masika wakalibandua, wakaweka tangazo la kituo cha mafuta.

Kampuni ilirudi kiangazi kile. Simu nyingi mno zilirudishwa kwenye duka la mji wa wilaya, mtu akaulizwa kwa nini, ndipo wakatuma mama mmoja aitwaye Joletta. Alikuja na gari lililojaa matope. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe Dakota Kusini. Alikaa jikoni kwa Orlin, akakataa kahawa, akakataa tena, akanywa. Kisha akauliza kama wangeweza kutumia kilima.

"Msijisumbue," akasema Orlin.

"Si usumbufu, bwana Brekke. Ungependa?"

"Kuna watu wengine wanahitaji zaidi."

Joletta akakoroga kahawa isiyo na sukari. Hakuwa na haraka. "Lakini kama ungekuwa wewe, ungependa?"

"Basi," akasema Orlin. "Isingekuwa mbaya."

Mnara ukasimama kabla ya mavuno. Mrefu, wa chuma kijivu. Orlin akaenda dukani akanunua simu, ya kwanza maishani mwake, yenye vitu ndani. Akaiweka kwenye mfuko wa shati. Juma lile niliona pikapu ya Verdell ikipita mbele ya nyumba yake, ikapunguza mwendo.

Nilimkuta kwenye soya, nyuma ya kilima, kombaini imezimwa, amekaa kwenye ngazi yake anakula mkate wa nyama baridi. Nikakaa kwenye tairi. Akaitoa simu akanionyesha. Vijiti vyote vya mtandao vilikuwa vimejaa.

"Umeshampigia mtu?" nikamuuliza.

"Bado. Wananipigia wao. Jana kuna sauti inaniuzia bima. Nikasema hapana asante, ikakata."

"Haikuuliza tena?"

"Haikuuliza."

Akafuta vidole kwenye suruali, akabonyeza namba polepole, moja moja. Sikujua anampigia nani. Hakuweka simu sikioni. Aliiweka kwenye goti, akageuza kichwa upande wa nyumba. Upepo ulikuwa unatoka kule, na dirisha la jikoni huwa analiacha wazi. Mbali sana, ng'ambo ya kilima, tukaisikia ile simu ya waya ikilia jikoni. Ikalia, ikanyamaza, ikalia.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza, na kule nyuma ya kilima pakawa kimya.

"Inafanya kazi," akasema.

Akafunga mkate uliobaki kwenye karatasi yake, akapanda juu, akawasha kombaini.